Hoja Nzito Kwenye Seva: Kunakili Data au Kuchunguza Papo Hapo

Wakala wa kutoa mizigo katika bandari ya Kilindini, Mombasa, husubiri muda mrefu kupata rekodi ya kontena, ilhali hoja hiyo hiyo (query, yaani ombi linalotumwa kwa hifadhidata) hujibu mara moja kwenye kompyuta ya mtengenezaji programu.

Njia ya kwanza ya kutafuta chanzo ni kunakili data halisi na kuijaribia kando. Humpa fundi uhuru, lakini taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, hivyo majina na nambari za simu hayana budi kufichwa kwanza. Na anayenakili sehemu ndogo tu hujisumbua bure, kwa kuwa mfumo wa hifadhidata kama PostgreSQL huchagua namna ya kusoma jedwali kwa kutazama takwimu zake, na jedwali dogo mara nyingi husomwa lote bila kugusa faharasa (index, orodha ya kuharakisha utafutaji), tofauti na jedwali kubwa la seva.

Njia ya pili, ambayo mimi huanza nayo, ni kuendesha amri ya EXPLAIN kwenye seva yenyewe ili kuona mpango wa kusoma data iliouchagua. Ikiongezwa ANALYZE, hoja hutekelezwa kweli, kwa hiyo UPDATE (kubadilisha data) au DELETE (kufuta data) ifungwe ndani ya muamala (transaction, kundi la amri linalokubaliwa au kubatilishwa kwa pamoja) utakaobatilishwa kwa amri ya ROLLBACK.