Greatest Hits ya James Taylor (1976): isikilize kabla hujakusanya vibao vyako

Albamu za mkusanyiko hapa Arusha na Moshi hukwama mahali palepale: mwimbaji ana vibao kumi, lakini masta zake, yaani rekodi asilia, ziko kwa watu wanne. Wimbo mmoja uko kwa prodyuza wa kwanza, mwingine ulilipiwa na mfadhili ambaye simu yake haipatikani, wa tatu umebaki MP3 tu. Greatest Hits ya James Taylor, iliyotolewa na Warner Bros. mwishoni mwa 1976, ilipita kwenye tundu hilohilo la sindano. Ndiyo maana tunaipendekeza hata kwa asiyezoea muziki wa gitaa kavu wa Kimarekani.

Nyimbo ni 12. Mbili za mwanzo, "Something in the Way She Moves" na "Carolina in My Mind", zilirekodiwa London mwaka 1968 kwa lebo ya Apple, ile ya Beatles, na ruhusa ya kutumia rekodi hizo ikawa ngumu. Prodyuza Peter Asher, aliyesimamia pia zile za London, akamrudisha Taylor studio aziimbe upya. Iliwezekana kwa sababu wimbo na rekodi ni mali mbili tofauti. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazitenganisha. Ila kabla hujalipia studio, soma mkataba wa zamani: mikataba mingi humzuia mwimbaji kurekodi upya wimbo uleule kwa miaka kadhaa.

Kuna kilichopotea. "Carolina" ya 1968 ina besi ya Paul McCartney, na hiyo hairudishiki. Toleo jipya, hata hivyo, ni safi zaidi na gitaa lina nafasi ya kupumua. Sikiliza wimbo wa pili unapoisha na "Fire and Rain" kuanza: unatoka kwa Taylor wa miaka 28 kwenda kwa Taylor wa miaka 21. Sauti inakuwa nyembamba zaidi, ngoma zinapigwa kwa brashi, na chini yake besi kubwa ya mbao inavutwa kwa upinde kama fidla. Rekodi zinatofautiana miaka karibu saba, lakini huhitaji kugusa kitufe cha sauti. Hiyo ndiyo kazi ya kumasta mkusanyiko, yaani kuziweka sawa rekodi zote mwishoni, na ndiyo inayowashinda wengi kwetu.

Makosa yanajirudia. La kwanza ni kupandisha wimbo mnyonge ufikie ule mkali, hadi mlio wa mkanda na chenga zijitokeze. Fanya kinyume: chagua wimbo uliorekodiwa vizuri kuliko yote uwe kipimo, kisha shusha mingine kwa sikio, ukilinganisha sauti ya mwimbaji na siyo mita. Spotify husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia), kwa hiyo kubana sauti kupita kiasi ili wimbo uvume hakukupi faida yoyote huko. La pili ni kuchanganya faili za 48 kHz na 44.1 kHz, yaani idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde (elfu 48 au elfu 44.1). Faili ya 48 ikisomwa kama 44.1, wimbo unapungua mwendo kwa takriban asilimia 8 na sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu; mwimbaji anasikika kama mgonjwa. Badilisha faili kwa programu, usiburute tu. Na MP3 ya kbps 128, iliyobanwa sana, ukiigeuza WAV, faili isiyobanwa, kilichokatwa hakirudi.

Kama chanzo pekee ni kaseti, safisha kichwa cha deki kwa spiriti, kiache kikauke, kisha zungusha taratibu kwa bisibisi ile skrubu ndogo ya pembeni yake, inayorekebisha mkao wa kichwa, huku ukisikiliza matoazi. Yakifunguka, acha hapo. Kila kaseti irekebishwe upya, maana kila deki ilirekodi kwa mkao wake.

Mpangilio tunaupa alama za juu, isipokuwa mwisho. Upande A unafungwa na "You've Got a Friend", wimbo mpole, na hilo lina maana kwenye santuri: mifereji ya karibu na katikati hupoteza ukali wa sauti za juu, hivyo nyimbo tulivu hukaa vizuri pale. Upande B unafungwa na "Steamroller" ya jukwaani, pamoja na kelele za watu, baada ya "Shower the People" iliyokwisha kutuliza nafsi. Sisi tungeuweka mwanzoni mwa upande huo.

Ukiisikiliza kwa kujifunza, tumia hedifoni na siyo spika ya blututhi, na zima kwanza kisawazisha sauti cha programu yako. Kikiwa kimewashwa, huwezi kujua kipi kilifanywa na fundi wa masta na kipi kimefanywa na simu.