Uzoefu wangu: Yamaha Enduro 15 kwenye mashua yangu ya kwanza, Mafia

Ukiniuliza mashine ya boti ipi ni nzuri, nitakuuliza kwanza unaifunga kwenye chombo gani. Yangu ya kwanza ilikuwa Yamaha Enduro ya farasi 15, nikaifunga kwenye mashua ya mbao ya futi 18 iliyojengwa Jibondo, kisiwa kidogo cha hapa Mafia. Mwenye boti ya faiba hatapata mengi hapa. Nawaandikia wenye vyombo vya tanga wanaofikiria kuvitia mashine, na ushauri wangu ni kwamba mtie, lakini tanga msiliuze.

Mashua niliinunua mwaka 2009 kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha bahari. Mbao za mwembe, mkuku (mti mkuu wa chini) ulionyooka, tezi (sehemu ya nyuma) bapa. Niliipenda siku ile ile. Tulikuwa tukiipandisha ufukweni wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji yakitoka tunaitia kalafati ya pamba kuziba mianya ya mbao, tunaipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kisha deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta) sehemu yote inayokaa majini. Harufu ya sifa wageni hawaiwezi, mimi mpaka leo nikiisikia nafurahi. Ilikuwa inabisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, vizuri kuliko vyombo vingi vya ukubwa wake, na kwenye wimbi la upepo wa kusi omo yake, sehemu ya mbele, ilipanda bila kumwaga maji ndani.

Lakini Ghuba ya Chole, ambako ndiko nyumbani, ina sheria zake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakitoka sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na majani ya bahari. Maji yote hayo hupita kwenye milango michache, na Kinasi ndio mkubwa. Ukiwa nje ya Kinasi maji yanatoka na upepo umekufa, huingii. Tanga halina la kufanya, upondo (mti wa kusukumia chombo) haugusi chini, na makasia yatawamaliza vijana nguvu huku mnarudishwa nyuma. Mnatia nanga mnangoja maji yageuke. Barafu inayeyuka, samaki wanalainika, na mnunuzi aliyekuja kijijini Utende na gari lake kutoka mjini Kilindoni hakungoji mpaka magharibi.

Hilo ndilo mashine ililoniondolea. Mwendo wa kasi haukuwa shida yangu. Nilitaka kuingia nyumbani saa niliyoitaka mimi, na tangu siku ya kwanza Enduro ilinipa hivyo.

Kuifunga ndiko kulikohitaji akili. Katikati ya tezi ya mashua upo usukani, kwa hiyo mashine haina pa kukaa pale wanapoiweka watu wa faiba. Kuna waliong'oa usukani wakaongoza chombo kwa mkono wa mashine. Nilipomuuliza fundi wangu wa Jibondo kuhusu hilo, alinijibu: "Mwanangu, usukani hauondoki. Itakayosogea ni mashine." Akachonga ubao mnene wa mninga, akaufunga upande wa kulia wa tezi, bolti zikapita mpaka ndani na kushikwa na kipande kingine cha mti mgumu, ili mtikisiko usibebwe na mbao za tezi peke yake. Kazi ile ilikuwa ya thamani kubwa kuliko nilivyojua wakati ule. Nimeona mashua nyingi zinazovuja nyuma kwa sababu mashine imefungwa moja kwa moja kwenye mbao nyembamba, ikatikisa mpaka pamba ya kalafati ikatoka.

Hapo hapo lipo suala la shafti. Zipo fupi, inchi 15, na ndefu, inchi 20. Kwa mashua chukua ndefu, usishawishike na bei. Tezi iko juu, na mashine iko pembeni. Chombo kikilalia upande wa pili, fupi itatoka majini, propela ipige hewa na injini ipige kelele bila kusukuma kitu. Kile kibao bapa kilicho juu ya propela kilingane na chini ya chombo, au kishuke kidogo. Na ifunge kwa mnyororo hata kama skrubu zake zimekazwa vipi. Ni kilo 36 hivi, ikidondoka kwenye mkondo wa Kinasi hutaiona tena.

Yenyewe ni mashine ya zamani kwa umbo, na mimi naipenda kwa hilo. Silinda mbili, ya tu-stroki (oili huchanganywa na petroli), unawasha kwa kuvuta kamba, haihitaji betri. Fundi yeyote wa kijijini anaifungua kwa spana chache na anaona kila kitu. Vipuri vyake Dar es Salaam vimejaa. Kwa mtu anayekaa kisiwani hilo ni jambo kubwa kuliko injini mpya yenye umeme mwingi, ambayo ikigoma unaisafirisha mpaka Nyamisati, bandari ya bara, na mbele zaidi.

Usitarajie kukimbia. Mashua ya mbao yenye mkuku haipandi juu ya maji kama faiba, inayakata. Yangu ilifika kama kilomita 10 kwa saa, na hapo hata ukifungua mafuta mpaka mwisho unaongeza wimbi nyuma tu. Farasi 15 ukiwazungusha wote wanaweza kunywa lita 6 au 7 kwa saa. Nusu ya hapo mashua inakwenda karibu mwendo ule ule na petroli inadumu. Kwa hesabu hiyo, chombo kama changu hata farasi 8 wangekitosha. Nilichukua 15 kwa ajili ya mkondo wa Kinasi, ambako nguvu ya akiba inakupa usalama, na sijutii.

Kuchanganya mafuta: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya tu-stroki. Mashine ikiwa mpya, kwa saa 10 za mwanzo unaweka oili mara mbili ya hiyo. Nunua petroli sehemu unayoiamini na uichuje kwa kitambaa. Niliwahi kuuziwa dumu lenye maji, injini ikazima mbele ya mlango maji yakitoka, na kilichotutoa pale ni tanga.

Ndiyo maana nalisisitiza tanga. Upepo ukiwepo nilizima mashine, nikaiinua, nikatweka. Kwenda nje asubuhi kwa upepo wa nchi kavu na kurudi kwa mashine: hivyo ndivyo mashua ile ilivyonilisha. Jirani zangu walioshusha mlingoti walifurahi mpaka petroli ilipopanda bei, wakaanza kuvua karibu karibu, palepale kila mtu anapovua.

Chumvi ni adui wa alumini na chuma. Kila nikirudi niliiwasha ndani ya pipa la maji ya kisima ikanywa kwa dakika chache. Kuna watakaosema maji ya kisima ni ya kunywa watu. Pale Utende yalipatikana. Ningekuwa naishi Jibondo, ambako maji matamu yalikuwa ya kufuatwa kwa chombo, ningepanga vingine. Ukiwa baharini angalia ule uzi wa maji unaotoka pembeni. Mashine isipokojoa, zima papo hapo: ama mfuko wa plastiki umeziba chini, ama impela ya pampu, kile kipande cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, imekwisha, na ukiendelea utaunguza pistoni.

Anayenunua iliyotumika asikubali kuiona imewashwa juu ya benchi tu. Iingizwe majini, itiwe gia mbele na nyuma, iachwe izunguke mpaka ipate moto, kisha izimwe na kuwashwa tena. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi uone oili yake: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na bei ishuke kwa kiasi hicho au uondoke. Mwenye nayo akikuharakisha, ondoka. Na katika sanduku lako la chomboni visikosekane plagi mbili, spana yake, impela moja, kamba ya kuwashia na kisu.