Makumbusho ya Fram, Oslo: meli ya Nansen kwa jicho la seremala

Wenye haraka niwape jibu mapema: kama upo Oslo na mfuko unaruhusu kiingilio kimoja tu, kitumie Fram. Makumbusho mengi hukuweka nyuma ya kioo ukatazama. Hapa unaingia ndani ya kitu chenyewe. Meli hiyo, Fram, ambayo mpelelezi Mnorwe Fridtjof Nansen aliiingiza kwenye barafu ya kaskazini 1893, imekaa katikati ya jengo la pembetatu lililojengwa kuifunika na kufunguliwa 1936. Unapanda sitahani, unashuka ngazi, unainamisha kichwa mlangoni, unachungulia vyumba vidogo walimolala watu miaka mitatu barafuni.

Mimi ni seremala. Nimezaliwa Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mzee wangu alikuwa akiunda boti za wavuvi wa dagaa. Nikiingia mahali kama hapa, picha za ukutani zinasubiri. Kwanza natafuta mbao zimeungwaje.

Fram iliundwa na Colin Archer wa Larvik, Mnorwe mwenye wazazi wa Kiskoti, fundi aliyesifika pia kwa boti za kuokolea watu baharini. Ilishushwa majini Oktoba 1892. Urefu mita 39, upana 11. Fundi yeyote akisikia vipimo hivyo atauliza kulikoni, maana huo ni unene wa chombo kisichotaka mbio. Simama chini, karibu na tumbo lake, utaona mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini ya meli, karibu haujitokezi na ubavu umeviringana toka juu hadi chini. Ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe: barafu ikiibana, isipate pa kushika, meli ichoropoke kwenda juu kama mbegu ya tikiti katikati ya vidole.

Ndani usipite mbio. Taruma, yaani mbavu za meli, zimepangwa karibu karibu, na kutoka ubavu hadi ubavu kuna miti ya kutegemeza iliyokaa mshazari, mingi mpaka unajiuliza walipitaje na mizigo. Mwili ni wa mwaloni, tabaka juu ya tabaka, na nje kabisa wakaongeza ngozi ya greenheart, mbao ngumu ya Amerika Kusini. Ngozi hiyo barafu ingeweza kuibandua yote na meli ikabaki nzima. Usukani na rafadha vilikuwa vinavutwa juu kupitia shimo maalumu ili visivunjwe. Kuta za vyumba zilijazwa kizibo (lile gome la kuzibia chupa) na manyoya ya kulungu wa kaskazini kuzuia baridi, na juu ya sitaha waliweka kinu cha upepo cha kuzalisha umeme wa taa. Mwaka 1893 huo! Nyumbani kwetu tulivua kwa karabai miaka mingi sana baada ya hapo.

Fridtjof Nansen, mwenye safari, alikuwa mwanasayansi wa wanyama, aliyezaliwa 1861. Mwaka 1888 alivuka Greenland kwa skii na wenzake watano, wawili wao Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, na alianzia pwani ya mashariki isiyo na watu ili kurudi nyuma pasiwe na maana. Kisha akasikia kwamba mabaki ya meli ya Kimarekani Jeannette, iliyozama kaskazini mwa Siberia 1881, yameokotwa Greenland miaka mitatu baadaye. Akasema: basi kuna mkondo, nami nitaingiza meli yangu humo makusudi, igande, inibebe hadi karibu na Ncha ya Kaskazini. Wakubwa wa safari za baridi, London na Marekani, wengine walimwona mwendawazimu.

Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka kumi na moja, aliyezaliwa hukuhuku na mwenye maswali kuliko mwalimu wake. Tulifika kwenye habari ya Machi 1895, pale Nansen alipoona mkondo hautawafikisha, akaiacha meli akaondoka na mtu mmoja tu, Hjalmar Johansen, pamoja na sleji, kayaki na mbwa 28. Walifika nyuzi 86 na dakika 14 Kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, kisha wakageuka.

"Mjomba, mbwa walirudi wote?"

"Hapana. Chakula kilipungua. Waliwachinja mmoja mmoja wakawalisha wenzao."

Alininunia mpaka tulipofika kwenye chumba cha baridi, ambacho kwangu mimi ni mchezo wa watoto, lakini yeye alitaka kuingia tena na tena. Kilichomfurahisha zaidi ni kisa cha kayaki. Walizifunga barafuni pamoja na kila kitu chao, zikakatika zikaanza kuelea zake, na Nansen akajitupa kwenye yale maji akaogelea kuzifuata. Msimu wa baridi walikuwa wameupitisha kwenye kibanda cha mawe kilichoezekwa ngozi za walrasi huko Franz Josef Land, visiwa vya barafu vya kaskazini, wakila dubu weupe, na walitoka humo wamenenepa. Juni 1896 wakamkuta Mwingereza Frederick Jackson akiwa na msafara wake. Fram yenyewe ilijinasua Agosti mwaka huohuo. Watu 13 walikwenda, 13 wakarudi. Ukiniuliza ustadi wa Nansen ulikuwa wapi, nitakutajia hesabu hiyo kabla ya ile ya nyuzi.

Johansen nataka nimseme kidogo, maana wageni wengi wanampita. Mwaka 1910 alipanda tena Fram, safari hii na Roald Amundsen, mpelelezi mwingine wa Norwe, kwenda Ncha ya Kusini. Amundsen aliondoka kambini mapema mno, baridi ikawarudisha, na katika kurudi kule Johansen aliokoa maisha ya mwenzake aliyeachwa nyuma. Akamlaumu kiongozi mbele ya watu. Akatolewa kwenye kundi la Ncha. Amundsen alifika tarehe 14 Desemba 1911 bila yeye, na Januari 1913 Johansen alijiua mjini humu. Ukiwa ndani ya meli, kumbuka aliisafiria mara mbili.

Sasa niseme kilichonipeleka mimi pale, ambacho si mbao. Nilikuja Norwe kutoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na kitabu changu cha kwanza cha kusafiria kiliandikwa kuwa ni cha mkimbizi. Kwenye kiwanja kimoja cha ndege, ambacho sikitaji, ofisa alikigeuzageuza, akamwita mwenzake, wakakipiga picha, huku watu wa foleni yangu wakihamia kwa wengine. Wakati ule sikujua kwamba kitabu kile kina babu, na babu yake ni karatasi ya huyuhuyu Nansen.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, lilimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita, akarudisha zaidi ya 400,000. Mwaka 1921 likamfanya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Warusi waliokimbia mapinduzi walikuwa wamevuliwa uraia na serikali ya Lenin: hawana pasipoti, hawavuki mpaka, hawaajiriki. Mwaka 1922 akapata serikali zikubali cheti kimoja, ukurasa mmoja tu, cha kufanywa upya kila mwaka. Hakikumpa mtu nchi. Kilisema tu kwamba huyu ni fulani, mpitisheni. Serikali zaidi ya 50 zilikuja kukitambua, Waarmenia wakaongezwa 1924, na mchoraji Chagall na mtunzi wa muziki Stravinsky walikitumia. Baadaye kikabandikwa stempu ya faranga tano za dhahabu yenye sura yake, na pesa hizo zikaenda kusaidia wakimbizi wengine. Mwaka huohuo wa 1922 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hati za Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ikiwemo yangu iliyoko kwenye droo, zimetoka kwenye ukoo huo.

Makumbusho haya ni ya meli na barafu, na uzito wake uko huko. Habari ya karatasi ni bora uende nayo kichwani. Nenda pia ukijua kwamba Nansen huyohuyo alipendekeza Wagiriki na Waturuki wabadilishane watu kwa lazima, makubaliano yaliyotiwa sahihi Lausanne Januari 1923, na watu zaidi ya milioni moja wakang'olewa makwao kwa kufuata dini zao. Wapo wanaosema aliepusha mauaji makubwa zaidi. Mimi niliyekimbia nyumba nasita kumpa alama hapo.

Jina lake limefika kwetu kuliko tunavyodhani. Tuzo ya Nansen, ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, alipewa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1983, Maggy Barankitse wa Burundi 2005, na Sista Angélique Namaika wa Dungu, Kongo, 2013. Na zile meli za utafiti ziitwazo Dr. Fridtjof Nansen, ya kwanza ikiwa imeanza kazi 1975, zimepima samaki hadi pwani za Kenya na Tanzania.

Mambo ya njia. Basi namba 30 linakufikisha Bygdøy, rasi yalipo makumbusho, na majira ya joto kuna kivuko kutoka gati la mbele ya ukumbi wa jiji. Panda kivuko, watoto watakushukuru. Tiketi nunua mwenyewe. Shemeji yangu alinunua matembezi ya pamoja kwa kampuni moja, jina naliacha, akaburuzwa ndani ya meli kwa nusu saa na kuambiwa basi linaondoka. Nusu saa haitoshi hata kwa taruma. Tenga asubuhi nzima, maana Gjøa, jahazi dogo ambalo Amundsen alipitia Njia ya Kaskazini-Magharibi, ile ya bahari inayopita kaskazini mwa Kanada, kati ya 1903 na 1906, lipo jengo la pili, nalo linataka muda wake. Ukimaliza na bado una nguvu, nenda Lysaker kwenye nyumba ya Nansen, Polhøgda. Alifia hapo Mei 1930 na kaburi lake liko bustanini.

Ngazi za ndani ya meli ni nyembamba na zimesimama wima. Mama mwenye magoti mabovu abaki sitahani, kuna mengi ya kuona toka pale. Nyota nne kati ya tano. Mpwa wangu anasema tatu, kwa ajili ya mbwa.