The Long Dark: kazi ya mwindaji huanza mnyama akishaanguka

Gemu nyingi za kuwinda hukulipa pale pale mnyama anapoanguka. Alama zinapanda, mzoga unatoweka, unaenda kutafuta mwingine. The Long Dark haina haraka hiyo. Kulungu akianguka, hapo ndipo maswali yanapoanza. Una kisu? Jua limebaki kiasi gani? Upepo ukivuma, moto utauwasha wapi? Na nyama yote hiyo utaibebaje ikinuka namna ile? Nimeicheza usiku mwingi hapa Nakuru, mtaa ukishatulia, na sijapata gemu nyingine inayoheshimu uwindaji kiasi hiki.

Kwa asiyeijua: imetengenezwa na Hinterland Studio ya Kanada. Ilianza kuuzwa mwaka 2014 ikiwa bado inajengwa, na toleo kamili likatoka Agosti 2017. Uko peke yako kwenye kisiwa cha kubuni kiitwacho Great Bear. Baridi ni kali, umeme umekatika kila mahali baada ya tukio la ajabu angani, na hakuna majini wala maiti wanaotembea. Anayependa kisa atafuata hadithi ya rubani Will Mackenzie na daktari Astrid Greenwood. Mimi nazungumzia upande ule mwingine, wa kuishi tu hadi ushindwe. Kwa kawaida ukifa umekufa. Faili lako linafutwa na unaanza upya.

Nina sababu ya kuijali gemu hii. Upande wa mama sisi ni Waogiek, jamii ya jadi ya wawindaji na warina asali wa msituni, kwa babu ni Nessuit, ukingoni mwa msitu wa Mau. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza makali ya adhabu, kwa hiyo mimi sijawahi kushika mshale wa kazi na sitarajii kuushika. Nilichorithi ni maneno ya babu: mitego ya perere, mbwa wa kuwindia, mizinga ya asali juu ya miti. Na kuna jambo alilolirudia kila alipoanza habari hizo. Mnyama ukishamjeruhi, alisema, usimkimbilie. Keti. Ukimfukuza atatumia nguvu zake za mwisho kwenda mbali, na utakapomfikia giza litakuwa limeingia, au fisi watakuwa wamekutangulia.

Waliotengeneza gemu hii wanalijua hilo. Mnyama aliyepigwa vibaya hukimbia akivuja damu, na matone mekundu hubaki kwenye theluji. Anaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuanguka. Wewe unafuata damu polepole, ukiipoteza unainua macho angani, maana kunguru huzunguka juu ya mzoga. Mara ya kwanza nilipowaona kunguru wale wakizunguka nilisimamisha gemu nikampigia mama simu kumsimulia.

Chukua Mystery Lake, eneo ambalo wachezaji wengi huanzia. Ziwa limeganda, vibanda vya wavuvi vimejengwa juu ya barafu, na ng'ambo kuna ofisi ya kambi yenye jiko la kuni. Kulungu hupita kandokando. Unachuchumaa na kusogea taratibu kwa sababu akisikia hatua zako ametoroka. Bunduki haina alama ya kulengea katikati ya skrini, unatazama kwa kilengeo cha chuma kilicho juu ya mtutu, na kama umechoka mtutu unayumba. Risasi ni za kuhesabu. Basi unasubiri ageuke ubavu, unafyatua, anaanguka.

Sasa anza kazi. Unafika kwenye mzoga na gemu inakuuliza: kilo ngapi za nyama, ngozi uichukue au uiache, utumbo je? Kila unachoongeza kinaongeza dakika, na unaziona kabla hujakubali. Kwa kisu kikali ni afadhali. Kwa mikono mitupu ni muda mrefu mno, na mzoga ukishaganda sana mikono haifui dafu kabisa. Wakati huo wote joto la mwili linashuka. Kwa hiyo mchezaji anayejua kazi huwasha moto kando ya mzoga kwanza. Moto huo unampa joto, unayeyusha nyama iliyoganda, na unawazuia mbwa mwitu. Lakini moto unataka kuni, kibiriti kina njiti chache, na upepo ukigeuka unauzima. Hapo wewe umepiga magoti theluji ikianguka, mkono wa kushoto kwenye ngozi, unajiuliza kama uongeze kilo moja zaidi au uondoke na ulichonacho. Huo uamuzi mdogo ndio utamu wote wa gemu hii kwangu.

Halafu harufu. Kuna alama pembeni inayoonyesha unanuka kiasi gani, hadi vijistari vitatu. Nyama mbichi, utumbo na ngozi mbichi vinaipandisha, na ikishapanda mbwa mwitu wanakugundua kutoka mbali. Nyama iliyopikwa hainuki hivyo, kwa hiyo kuna faida ya kupika papo hapo kabla ya kurudi. Uzito wa kubeba pia una mpaka, kilo 30 ukianza, na nguo zako na kuni zimo humo humo. Mara nyingi nusu ya kulungu inabaki porini, na moyo unauma kweli, maana tumefundishwa nyumbani kwamba ukichinja unamaliza.

Ngozi na utumbo huvitumii siku hiyo. Unavilaza sakafuni ndani ya nyumba vikauke kwa siku kadhaa, na ngozi ya dubu hupita wiki nzima. Ndipo unashona: viatu vya ngozi ya kulungu, glavu za sungura, koti la mbwa mwitu. Mtu anayetaka kila kitu kwa mpigo atachoka hapa. Mimi ndipo niliposhikwa.

Kuhusu wanyama wakali nina mengi mazuri ya kusema na malalamiko mawili.

Mbwa mwitu ndiye wa kila siku. Anabweka, anakunyemelea, anasubiri ugeuke. Ukikimbia anakufuata mbio. Ukiwa na mwenge mkononi anasita, na ukimtupia kipande cha nyama anaweza kushughulika nacho ukapita. Akikurukia mnapigana chini, na ukitoka mzima una jeraha la kufunga bandeji na la kuosha kwa dawa, la sivyo linaoza. Kama huna dawa ya dukani kuna mmea mwembamba wa kijivu unaoning'inia kwenye matawi, unautengeneza kuwa kitambaa cha jeraha. Mambo ya kitabibu ya namna hiyo yamefanywa kwa uangalifu. Kuna pia aina nyingine ya mbwa mwitu wanaotembea kwa kundi, walioongezwa mwaka 2019 pamoja na eneo la Bleak Inlet. Hao wana ujasiri unaopimwa: kila ukimjeruhi mmoja au ukiwatisha kwa moto ujasiri wa kundi zima unashuka, hadi watawanyike. Hilo nililipenda sana kwa sababu ndivyo kundi lolote lilivyo, hata la nyani wanaovuka ua wa mbuga kuja mitaani kwetu. Ukimvunja moyo yule wa mbele, wengine wanarudi.

Dubu humpigi vita. Akikushika amekushika, anakurarua nguo zote na kukuacha nusu mfu. Ana pango lake na njia zake za kupita, na anayemwinda hujifunza njia hizo kwanza, huchagua mahali karibu na mlango wa gari au kibanda, na hufyatua akiwa tayari kuingia ndani. Musi, yule kulungu mkubwa mno wa kaskazini mwenye pembe pana, anafanana kabisa na nyati dume mzee wa mbuga ya Ziwa Nakuru aliyejitenga na kundi. Hali nyama, hana haja na wewe, lakini ukimkaribia bila adabu anakukanyaga na kukuvunja mbavu. Mbavu zikivunjika ni bandeji, dawa za maumivu na kulala kwa muda mrefu sana, na ukilala sana chakula kinaisha. Watu wanaokuja Nakuru kutalii huogopa simba. Wanaoishi karibu na mbuga humwogopa nyati huyo.

Malalamiko ya kwanza: mbwa mwitu wa humu wanamvamia binadamu mchana kweupe kana kwamba ndiye chakula chao cha kawaida. Mbwa mwitu halisi kwa kawaida humkwepa mtu. Naelewa kwamba gemu inahitaji hatari, lakini kulungu akiwa amejaa pale kando, nilitamani mbwa mwitu amfuate kulungu kwanza. Wakati mwingine hufanya hivyo, na ukiwa mjanja unamsubiri aue kisha unamtisha kwa moto unachukua nyama. Nyakati hizo ndizo bora, na zingekuwa nyingi zaidi gemu ingependeza zaidi.

La pili ni minyoo. Ukila nyama ya mbwa mwitu au ya dubu unaweza kupata minyoo ya tumbo hata kama umeipika sawasawa, mpaka ujuzi wako wa kupika ufike kiwango cha juu kabisa. Matibabu ni dawa kila siku kwa siku 10. Katika maisha ya kweli nyama ikiiva hadi ndani minyoo hufa, kila mama anayechemsha nyama anajua hivyo. Gemu iliyo makini hivi katika kila jambo haikupaswa kulipotosha hili. Wangeweka hatari hiyo kwa anayekula nyama mbichi au isiyoiva, ingetosha.

Mengine kwa haraka. Maandishi ni madogo kwenye skrini ya laptopu ya kawaida. Sauti ni nzuri ajabu, vaa spika za masikioni, maana kubweka kwa mbwa mwitu ndiyo onyo lako la pekee usiku. Ukishaipakua haihitaji intaneti kucheza, jambo la maana kwa sisi wa kununua bando. Gemu hujihifadhi yenyewe unapoingia nyumbani au unapolala, kwa hiyo stima ikipotea ukiwa katikati ya pori utarudishwa nyuma kidogo. Kulipa, mimi nilitumia kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa ndani ya M-Pesa, na nilingoja msimu wa punguzo, ambao huja mara kadhaa kwa mwaka.

Kama unaanza, usichague kiwango rahisi kabisa kiitwacho Pilgrim ukitaka uwindaji wa kweli, kwa sababu huko wanyama wakali wanakukimbia. Chagua Voyageur. Kile cha Interloper hakina bunduki hata moja: utafua vichwa vya mishale mwenyewe kwenye tanuri, ukaushe miti ya upinde, na kila mshale uliorusha uutafute uuokote tena. Hicho ndicho ninachocheza siku hizi, na ndicho ningemwonyesha babu. Ila kifikie ukishajua kumtega sungura kwa kitanzi, kumpiga kwa jiwe azubae umkamate, na kuondoka kwenye mzoga kabla ya baridi kukuamulia.