Kilomita 100 kwa wiki: kidogo kidogo au Jumamosi moja?

Mvua zinapokatika Tabora mwezi wa Mei na tope kukauka, sisi waendesha baiskeli tunapanga upya hesabu za wiki. Lengo langu ni kilomita 100, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni kilomita 20 kwa siku, siku tano. Alfajiri naenda Kwihara, lilipo tembe la Livingstone, nazunguka vijijini, narudi kabla ya kazi. Ni saa moja na kitu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hapa unazifikisha bila kujiumiza. Goti langu lililokuwa likinisumbua limetulia tangu nishike mtindo huu.

Ya pili, zote Jumamosi: 50 kuelekea Sikonge, 50 kurudi. Tamu kweli, miombo kulia na kushoto! Lakini jua la mchana ni kali, na ukipata pancha huna pampu wala viraka, utasukuma baiskeli hadi uchoke. Anayejiandaa kwa safari ndefu aichague, akishazoea. Aliyekaa masika yote bila kupanda baiskeli aanze na ya kwanza.