Nozeli za kutyuni injini ya petroli: zipi ununue kwanza, zipi uziache

Mtu akitaka kutyuni injini, yaani kuirekebisha itoe nguvu zaidi, swali lake la kwanza ni ukubwa wa nozeli, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini: zinatoa mililita ngapi kwa dakika? Hilo halisumbui. Injini ya silinda 4 yenye turbo, inayolenga nguvu farasi 200, hutoshwa na nozeli za takriban mililita 400, tena bila kuzifanyisha kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Namba inayotesa watu ni ile ambayo wauzaji wengi hawaitaji kabisa: ucheleweshaji, yaani muda unaopita tangu kompyuta ya injini ipeleke umeme mpaka nozeli ifunguke kweli.

Muda huo ni kama milisekunde 1 umeme ukiwa volti 14, na hurefuka volti zikishuka. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, nozeli hupewa umeme kwa milisekunde 2.5 hivi tu, kwa hiyo ukikosea 0.2 mafuta yamepotoka kwa zaidi ya asilimia 10. Ukikanyaga mpaka chini nozeli hupewa milisekunde 14, na kosa lilelile halionekani. Ndiyo maana gari linavuta vizuri njiani, halafu linazimika ukisimama.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa seti mpya inayokuja na jedwali lake, kama zile za Bosch EV14 zinazouzwa zikiwa zimepimwa pamoja. Jedwali litaje ujazo na presha iliyotumika kupima, mara nyingi baa 3, pamoja na ucheleweshaji kwa kila volti. Presha si jambo dogo: nozeli ya mililita 440 kwa baa 3 hutoa kama 508 ukiipandisha baa 4, maana ujazo hufuata kipeuo cha pili cha presha. Ucheleweshaji nao husogea, kwa hiyo jedwali la presha nyingine halitakufaa.

Ya pili ni nozeli zako mwenyewe, zilizooshwa na kupimwa kwenye mashine. Kama hujafunga turbo wala hubadilishi aina ya mafuta, zipandishe ziwe za kwanza. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi asiyekuwa nayo ameziosha tu.

Tatu, zilizotumika kutoka injini kubwa zaidi. Zifae au zisifae, inategemea namba iliyochongwa mgongoni, kwani ndiyo itakayokupatia vipimo. Chukua mita upime kabla ya kulipa: omu 12 hadi 16 zinaendana na kompyuta za magari mengi, lakini omu 2 au 3 bila rizista zinaweza kuunguza kompyuta. Mipira ya kuzibia badilisha yote.

Za mwisho ni zile za bei ya chee zisizo na namba wala karatasi. Niliwahi kuzifunga. Nikaweka ukubwa ulioandikwa kwenye boksi, na kila injini ilipopoa nilikuwa naongeza mafuta kwenye ramani, yaani jedwali la mafuta ndani ya kompyuta, mpaka itulie. Usiku mmoja nikawasha taa kubwa gari likiwa limesimama: volti zikashuka, kipimo cha lambda, kinachoonyesha uwiano wa hewa na mafuta, kikaruka kutoka 1.00 (sawasawa) hadi 1.12 (mafuta pungufu), injini ikaanza kutetemeka. Nikazima taa, ikatulia. Kumbe kwenye ramani nilikuwa nafunika kosa la ucheleweshaji.

Nikafuta yote nikaanza upya: kwanza ukubwa, injini ikiwa na moto na mzigo wa kati, kisha ucheleweshaji, nikiwasha na kuzima taa na feni huku naangalia lambda. Kwa kazi hiyo unahitaji sensa ya oksijeni ya masafa mapana. Ile ya kawaida ya gari haikuambii umekosea kwa kiasi gani. Silinda tatu zilikubali. Ya nne haikukubali mpaka nikaing'oa nozeli yake.