Viambishi awali "un-" na "in-" katika Kiingereza

Viambishi hivi viwili hukanusha, na vyote vinatokana na mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, ila vilifika katika Kiingereza kwa njia tofauti: "un-" ni urithi wa ukoo wa Kigermaniki uliokuwamo tangu Kiingereza cha Kale, ilhali "in-" kilitoka Kilatini, mara nyingi kikipitia Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066. "Un-" hakibadiliki umbo, nacho hupachikwa kwa urahisi hata kwenye maneno mapya. Kikitangulia kitenzi, hutendua badala ya kukanusha, kama "untie", yaani kufungua. Matumizi hayo, kwa kweli, yana asili nyingine.

"In-" ndicho chenye hila. Hujifananisha na sauti inayokifuata, kikawa "im-" katika "impossible", "il-" katika "illegal" na "ir-" katika "irregular". Tena Kilatini kilikuwa na "in-" nyingine yenye maana ya ndani, iliyomo katika "import", kuingiza bidhaa nchini. Ndiyo maana "inflammable" humaanisha kinachoshika moto, si kisichoshika, na kosa la kuielewa kinyume si dogo hata kidogo. Kwa neno jipya, mimi ningechagua "un-".